Seti ya simfonia haichaguliwi kwa Namba 5 wala Namba 9

Mkuu, swali lako nimelielewa. Unataka seti moja tu ya simfonia tisa za Beethoven, umesikiliza Namba 5 na Namba 9 za makondakta watatu, za Karajan (seti ya 1961–62), za Szell na za Harnoncourt, zote zimekukamata, na sasa umekwama. Nimeishi na seti za namna hii miaka mingi, za Beethoven na za wengine, na ninavyoona mimi, umekwama kwa sababu umepimia mahali ambapo zote ni nzuri. Hakuna okestra kubwa inayoketi kurekodi Namba 5 ikiwa haijajiandaa. Kila mpigaji anaijua kwa moyo, kondakta ameiwaza maisha yake yote, na kampuni inajua ndiyo itakayouza boksi. Tofauti hujitokeza kwenye zile ambazo mnunuzi hazifuati. Kwa Beethoven nenda kwenye Namba 4, kisha Namba 2 na Namba 8.

Namba 4, ya mwaka 1806, ndiyo mtihani wangu mkuu. Katika sehemu ya kwanza, kabla wimbo mkuu haujarudi, fidla zinanong'ona na ngoma za timpani zinaunguruma chini chini kwa muda mrefu, hadi okestra nzima inapolipuka. Ukiona muungurumo ule unausikia kwa shida, ujue ama kondakta hakuujali ama mafundi wa sauti waliumeza. Sehemu ya pili, ile ya polepole, inaanza na mdundo mdogo wa fidla za pili, unaopokezanwa humo ndani, na karibu na mwisho unaachiwa timpani peke yake, kwa sauti ya chini kabisa. Ni kitu cha sekunde chache tu. Mpiga ngoma aliyeelewa anaupiga kama mtu anayekumbuka jambo; asiyeelewa anahesabu tu. Halafu ngoja sehemu ya mwisho, pale wimbo unaporudi na basuni, ala ya kupuliza ya sauti nene, inaachwa wazi, inakimbia noti zake kwa kasi huku wengine wamenyamaza karibu wote. Sikiliza kama kila noti inatoka safi, na kama kondakta amechagua kasi ambayo binadamu anaweza kuipiga kwa furaha na si kwa hofu.

Sasa zipitishe seti zako tatu hapo. Karajan wa 1961–62 alirekodi na Berlin Philharmonic ndani ya kanisa la Jesus-Christus-Kirche, Berlin, na mwangwi wa kanisa lile unazipa fidla urembo ambao sijausikia kwingine. Sehemu ya polepole inatiririka bila kukatika. Ila ngoma, kwa sikio langu, inakaa nyuma kuliko ninavyopenda. Szell na okestra yake ya Cleveland ni kinyume: sauti kavu kidogo, lakini kila ala ina mahali pake, na unaweza kumfuata mpiga zumari kutoka mwanzo hadi mwisho hata pale wote wanapopiga. Harnoncourt alirekodiwa mbele ya hadhira mjini Graz, Austria, mwaka 1990 na 1991, na Chamber Orchestra of Europe. Ni okestra ndogo yenye ala za kisasa, isipokuwa tarumbeta, ambazo ni za zamani zisizo na vali, zenye mkwaruzo unaopasua. Hapo ngoma inasikika kila mahali ilipoandikwa, na ile basuni inacheka.

Ukienda kununua, usisome jina pekee, soma miaka ya kurekodiwa. Karajan alirekodi zote tisa na Philharmonia, okestra ya London, miaka ya 1950, kisha mara tatu na Berlin: mwanzoni mwa miaka ya 1960, katikati ya miaka ya 1970 na tena miaka ya 1980. Picha ya mtu ni ile ile, sauti na fikra si zile zile. Seti ya zamani zaidi kati ya hizo kwa sehemu kubwa ni ya mono pia, yaani sauti yote inatoka kwenye mkondo mmoja, jambo ambalo kwa simfonia lina uzito, maana unapoteza majibizano ya fidla za kwanza na za pili.

Kipimo hiki kinafanya kazi kwa watunzi wengine. Dvořák naye ana tisa, na kila mtu anakimbilia Namba 9. Seti ya kondakta István Kertész na London Symphony, ya miaka ya 1960, naipenda kwa sababu Namba 5 na Namba 6 zimepigwa kwa moyo ule ule, na hata zile nne za mwanzo, ambazo ni nadra kuzisikia kumbini, hazikulipuliwa. Kwa Sibelius, mwenye saba, pimia Namba 3 na Namba 6. Kondakta Paavo Berglund alirekodi zote saba mara tatu, na ile ya mwisho, na Chamber Orchestra of Europe, ndiyo ninayoirudia, maana okestra ndogo inaiacha Namba 6 ipumue.

Haydn ni bahari. Simfonia 104 zenye namba, CD 33 au zaidi, na watu wengi wananunua boksi kisha wanasikiliza zile 12 za mwisho, ziitwazo za London, basi. Wewe fungua katikati. Chukua Namba 67: mwishoni mwa sehemu ya polepole wapiga nyuzi wanageuza upinde na kugonga kwa mti wake, na baadaye, kwenye minueti (sehemu yenye mwendo wa dansi), fidla mbili zinabaki peke yao, moja ikiwa imelegezwa uzi wa chini ili ivume kama zumari la kijijini. Kondakta Antal Dorati alirekodi seti yake kuanzia 1969 hadi 1972 na Philharmonia Hungarica, okestra iliyoundwa na wanamuziki wa Hungaria waliokimbia nchi yao baada ya 1956, na uzito wa kazi ile unausikia katika kila CD. Kondakta mwingine, Ádám Fischer, alirekodi yake kuanzia 1987 hadi 2001, katika ukumbi wa kasri la Esterházy mjini Eisenstadt, alikofanya kazi Haydn mwenyewe. Uzuri ni mahali na uhuru wa wapigaji. Taabu ni kwamba miaka ile yote imebadilisha upigaji, kiasi kwamba za mwanzo na za mwisho ni kama za okestra mbili.

Mahler na Bruckner sikushauri uanze na boksi. Simfonia ya Bruckner inaweza kuwa na matoleo matatu tofauti, Namba 3 kwa mfano ni ya 1873, 1877 na 1889, na boksi linakuchagulia bila kukuuliza. Mahler naye ni mrefu: Namba 3 inapita dakika 90, kwa hiyo lazima ikatwe kwenye CD mbili, na baadhi ya maboksi, ili kubana idadi ya diski, hukata hata zile ambazo zingeenea kwenye moja. Angalia mpangilio wa diski kabla ya kulipa. Namba 9 ya Beethoven ikikatwa kabla ya sehemu ya tatu, utajuta kila utakapoinuka kubadilisha.

Kwa hizo tatu zako, ningekuwa wewe ningechukua Harnoncourt kwanza, kwa sababu ya Namba 4 na hasa Namba 8, ambayo ameipa ukali wake wote. Szell afuate ukipata nafasi. Karajan tayari umempenda, na Namba 9 yake inauzwa peke yake.