Mafuta ya ubongo hayaongezwi kwa kijiko cha nazi

Ukiondoa maji kwenye ubongo, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni mafuta. Ndiyo maana ule ushauri wa "mzee amepungukiwa mafuta ya ubongo, mpe nazi" unasambaa haraka kwenye magrupu. Ukweli umo, ila umeishia njiani.

Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini umebeba karibu asilimia 20 ya kolestroli, aina mojawapo ya mafuta, yote ya mwilini. Kolestroli hiyo haitoki kwenye supu ya kongoro, kwa sababu ile ya kwenye damu haivuki ukuta wa mishipa ya ubongo. Inatengenezwa humo humo, hasa na seli walezi ziitwazo astrosaiti, kisha protini ya ApoE inaibeba kuipeleka kwenye seli za neva. Protini hiyo ina aina tatu kuu. Aina ya e4 hubeba kwa udhaifu: mafuta hurundikana ndani ya seli walezi, na taka za amiloidi, yaani protini zinazorundikana kwenye ubongo, haziondolewi vizuri. Uhusiano wa e4 na Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni, ulibainika mwaka 1993. Hata hivyo e4 siyo hukumu, na kwa watu wenye asili ya Afrika nguvu yake imeonekana kuwa ndogo kuliko kwa Wazungu. Pesa ya kupima jeni, yaani chembe ya urithi inayoamua una aina ipi, afadhali uipeleke kwenye kipimo cha mafuta ya damu.

Kolestroli mbaya, yaani LDL, ikiwa juu katika umri wa kati, inaongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni. Tume ya jarida la tiba la Lancet iliiingiza kwenye orodha yake ya mambo yanayoongeza hatari hiyo mwaka 2024. Pima ukifika miaka 40, mapema zaidi kama una presha au sukari. Jibu likija, tazama kizio kwanza: LDL ya 4.9 kwa mmol/L ni sawa na 190 kwa mg/dL, na hapo ni kwa daktari moja kwa moja. Kuna mtego mmoja. Maabara nyingi hazipimi LDL yenyewe, zinaipigia hesabu. Trigliseridi, mafuta mengine ya damu yanayoingia kwenye hesabu, zikizidi 4.5 mmol/L hesabu hiyo haiaminiki. Rudia ukiwa umefunga saa 9 hadi 12. Maji ruksa.

Kwenye chakula, mafuta ambayo ubongo unayahitaji kutoka nje ni DHA, aina ya omega-3, na Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, yapo tele: kwenye samaki kibua. Changu ni mtamu, lakini hana mafuta mengi. Chagua kibua mwenye macho maang'avu na matamvua mekundu, mpike kwa nyanya na ndimu, ule na ngozi yake, mara mbili kwa wiki. Ukimzamisha kwenye mafuta meusi ya juzi, umeharibu ulichonunua. Dagaa nao wanafaa. Wakiwa na rangi ya kutu na uchungu, mafuta yao yameshachacha.

Vidonge vya DHA ni habari nyingine. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010 liliwapa wagonjwa wa Alzheimer gramu 2 kila siku kwa miezi 18, na ugonjwa haukupunguza kasi. Mafuta ya nazi, yenyewe huongeza LDL.

Mzee anayetumia dawa ya kushusha kolestroli asiachishwe eti ubongo utakauka. Akilalamika misuli inauma, mrudisheni kwa daktari apunguze dozi au abadilishe aina.