Mkuu, chana hilo desa kabla simu haijaita

Chana. Sikuambii ulipunguze au ulipitie tena usiku wa kuamkia siku yenyewe, nakwambia chana. Nimesoma bandiko lako mara mbili: Alhamisi unapigiwa simu ya usaili wa kupima haiba, yaani wewe ni mtu wa tabia gani, umeokota mahali desa, orodha ya majibu 60 "wanayoyapenda waajiri", 40 umeshayameza, na sasa unauliza utumie hedifoni au ushike simu mkononi, kama ni sawa kuulizia mshahara kwenye simu hiyo, na majibu hutoka baada ya muda gani. Nyumba inaungua, wewe unauliza rangi ya mapazia.

Nina haki ya kufoka kwa sababu huyo wa majibu 40 ni mimi wa miaka mitatu iliyopita. Tofauti yetu ni kwamba wewe umeokota bure, mimi nililipia.

Kuna bwana aliyejiita mshauri wa ajira. Alinijazisha maswali 20, kesho yake akanitumia ripoti ya haiba yangu: eti napenda watu lakini kuna nyakati nahitaji utulivu wangu, eti nina uwezo mkubwa ambao bado sijautumia, eti huwa najilaumu kuliko ninavyoonyesha. Nikasema huyu mtu kaniona mpaka kwenye figo. Nilimsomea mama. Miezi baadaye rafiki yangu akanionyesha ripoti yake, na ilikuwa ileile, mpaka koma iliyokaa pasipo pake. Baadaye nikaja kujua kwamba mchezo huu una umri wa kutosha kuwa babu yangu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake kila mmoja "uchambuzi wake binafsi", wakaupa wastani wa zaidi ya 4 kati ya 5 kwa usahihi, kumbe wote walipewa karatasi moja, na sentensi nyingi alizitoa kwenye kitabu cha unajimu. Angalau Forer aliwaambia ukweli mwishoni. Wa kwangu aliniuzia na kifurushi cha pili.

Hicho kifurushi cha pili ndicho kilichonimaliza. Kurasa tisa za majibu, na maelekezo: kila sentensi watakayokusomea, jibu "nakubali kabisa". Usionyeshe udhaifu. Mwajiri anatafuta simba. Ongea umesimama huku unatabasamu, wataisikia nguvu yako. Mimi, mtu ambaye kwenye sherehe hukaa karibu na mlango, nikaambiwa niwe simba, na nikakubali kwa sababu nilikuwa sina kazi na nilikuwa nimeshalipa.

Siku ikafika. Kurasa tisa nimezibandika ukutani kwa selotepu, kila moja na kichwa chake: Uongozi, Migogoro, Presha, Udhaifu (hii ilikuwa na jibu moja tu, "napenda kazi iliyokamilika kupita kiasi", Mungu anisamehe). Feni inawaka kwa sababu simba alikuwa anatoka jasho.

Dada aliyepiga alikuwa mpole, ila sauti yake ilikwenda mwendo mmoja kama mtu anayesoma risala. Alianza kwa kusema anasoma maswali yaleyale kwa kila mwombaji, anaweza kulirudia swali lakini hawezi kulifafanua, na anaandika ninachosema. Hapo ndipo ningeshtuka. Simu za aina hii hazina soga. Humpendezi mtu kwa ucheshi, kwa sababu yule anasikiliza vitu maalumu vilivyopangwa kabla, akivisikia anaweka alama, asipovisikia anaendelea. Ukimuuliza "una maana gani?" anakusomea tena neno kwa neno.

Sehemu ya kwanza ilikuwa sentensi za kupima kwa namba, 1 mpaka 5. Simba akaanza kutoa 5. "Hupata nguvu ninapokuwa katikati ya watu wengi." Tano! "Sijawahi kumkasirikia mfanyakazi mwenzangu." Tano! "Nikimaliza siku ndefu na watu, nahitaji kukaa peke yangu." Tano! Hiyo ya mwisho ilinitoka haraka kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa kweli. Nikasikia kibodi. Tak, tak, kimya.

Nataka uelewe kilichotokea pale. Swali moja huvaa nguo nyingine na kurudi baada ya dakika kumi, na mtu anayekariri hawezi kulitambua, maana alikariri nguo. Na ile ya "sijawahi kukasirika" ni mtego wa wazi kabisa: binadamu ambaye hajawahi kukasirika bado hajazaliwa, kwa hiyo ukisema ni wewe, wanachojifunza ni kwamba unajipamba. Si ujanja wa jana. Kipimo cha haiba kiitwacho MMPI, cha Marekani, kilichochapishwa mwaka 1943 kwa ajili ya wagonjwa wa akili na si waomba kazi, kilikuwa na sentensi 15 za namna hiyo kwa kazi hiyo tu, kumnasa anayejisafisha kupita kiasi. Mshauri wangu alikuwa na miaka mingi sana ya kulijua hilo.

Kisha ikaja sehemu ya pili. "Nieleze mara ya mwisho ulipopishana na mtu kazini."

Nikaangalia ukuta. Nikasoma: "Ninaamini mawasiliano bora ndiyo msingi wa utatuzi wa migogoro." Akasema asante, naomba tukio lenyewe. Sasa huyu si ndiye niliyemwambia sijawahi kukasirika? Nikatunga. Nikamtunga kaka mmoja wa stoo, mkaidi, ambaye mimi kwa busara zangu nilikaa naye chini akaelewa. Akauliza ulimwambia nini hasa. Nikatunga na maneno. Jibu zuri kabisa, isipokuwa halikutokea.

Maswali kama tisa mbele, akauliza ni mfanyakazi gani mwenzangu aliyewahi kunibadilisha mawazo. Nimeishiwa watu, nikamrudisha yule wa stoo. Lugha yetu ilinibeba kwa muda, maana "yeye" haikuulizi ni mwanamume au mwanamke, na ningenyamazia hapo ningepita. Lakini hapana, nikamalizia kwa mbwembwe, "na mpaka leo yule dada wa stoo tunaheshimiana sana." Kibodi ikanyamaza. Haikugonga hata herufi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa maswali tisa.

Hapo hapo feni ikang'oa ukurasa wa Presha. Ukaenda chini ya kitanda, na swali lililofuata, nakuapia, lilikuwa la presha. Nikapiga magoti, simu nimeibana kati ya sikio na bega, napapasa vumbi, napumua kama mtu anayepanda mlima. Yule dada akasema kwa upole, "Chukua muda wako tu." Ningependa angenitukana.

Lakini bado sijafika kwenye kosa lililonigharimu. Yote hayo labda yangesameheka. Mwishoni kabisa akauliza: "Kuna jibu lolote ulilonipa leo ambalo ungependa kulibadilisha au kuliongezea?" Mlango huo, umefunguliwa, umeshikiliwa usijifunge. Ningesema tu, dada, nilijawa na woga, naomba nianze upya lile la kupishana na mtu, nina tukio la kweli. Ninalo! Nilishawahi kubishana wiki nzima na msimamizi wangu kuhusu hesabu ambayo mimi ndiye niliyekosea, na nikarudi kumwomba radhi mbele ya wenzetu. Simba akajibu: "Hapana, mimi ni mtu wa msimamo."

Siku mbili baadaye ukaja ujumbe wa kunishukuru kwa muda wangu.

Kilichoniuma nikakiona nilipolisoma upya tangazo la kazi, safari hii bila ripoti ya mshauri kichwani. Kazi ilikuwa ya kuhakiki kumbukumbu. Kukaa na namba kutwa, kufuatilia tarakimu iliyopotea, kuongea kidogo. Maneno yaliyokuwapo yalikuwa "umakini" na "uvumilivu wa kazi inayojirudia". Walikuwa wananitafuta mimi, nikawapelekea mtu mwingine. Vipimo vingi vya haiba huzunguka mambo matano: utayari wa kupokea mapya, umakini, uchangamfu, upole kwa wengine na uthabiti wa hisia. Watafiti wawili, Barrick na Mount, walipokusanya tafiti na kuzichambua mwaka 1991, umakini ndio uliohusiana na utendaji mzuri katika makundi yote ya kazi waliyoyaangalia. Uchangamfu ulionekana hasa kwa mameneja na watu wa mauzo. Yule bwana alikuwa anamuuzia kila mtu haiba ya muuza bidhaa, labda kwa kuwa ndiyo pekee aliyonayo.

Sasa kanuni yangu, ninayo moja tu: hakuna tukio, hakuna jibu. Usitamke neno lolote kuhusu tabia yako ambalo huna siku, mtu na mahali pa kulishikiza. Jioni ya leo chukua lile tangazo, upigie mstari vitenzi vyake, kisha kaa ukumbuke matukio sita ya kweli yanayovigusa. Wewe ulifanya nini, si "tulifanya". Nani alikuwapo. Liliishaje. Mawili kati ya hayo yawe yameisha vibaya, maana watakuuliza na ndipo watu wanapoanza kutunga. Msimulie mtu kwa sauti mara moja, mara mbili, basi. Kwenye karatasi andika neno moja kwa kila tukio ili likukumbushe. Langu moja limeandikwa "radhi", na linatosha kunirudishia wiki nzima.

Hata zile za namba zipitishe kwenye chujio hilohilo. Kabla hujasema 5, jiulize, akisema "nipe mfano" ninao? Ukiwa huna, shuka. Ila usijifiche kwenye 3 kila mara ukidhani umekuwa mjanja. Mtu wa 3 tupu hana haiba, ana tahadhari tu.

Na kabla hajaja mtu hapa kusema kila mtu hudanganya kwenye usaili: kuchagua tukio lipi la kweli ulisimulie si kudanganya. Ukiulizwa udhaifu huna haja ya kuungama maisha yako yote, lete mmoja wa kweli na ulichofanya kuupunguza. Ubishi na hilo mpelekeeni kaka wa stoo. Au dada, sikumbuki.

Hedifoni, tumia za waya, na chaji ijae. Feni izime.

Tuanze sasa hivi, usisubiri Alhamisi. Mara ya mwisho kumkasirikia mtu kazini au shuleni ilikuwa lini, na ulifanya nini? Andika hapa chini kwa lugha yako, tukusome. Na hilo desa umeshalichana, au bado umelishika?