Rafiki yangu hakuja msibani, na sasa simwonei mtu yeyote huruma

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36 na naishi peke yangu. Mwaka jana nilimpoteza mama baada ya kumuuguza miezi minane. Rafiki yangu wa tangu shuleni, mtu niliyemhesabu kama ndugu, hakuja msibani. Alinitumia ujumbe wa maneno mawili: "Pole sana." Basi. Sikumjibu, na hatujaongea mpaka leo. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nikajua yeye hakuwa rafiki.*

*Tangu hapo nimeanza kuwaona watu walivyo. Huyu mnafiki, yule anajipendekeza, mwingine ananitafuta akiwa na shida tu. Nimeacha kutembeleana na watu. Wapo wanaosema kwamba hata mimi sikuwajali; mwenzangu mmoja wa kazini alipofiwa na kaka yake sikwenda, ila wakati ule nilikuwa namuuguza mama. Mwezi uliopita mwenzangu huyohuyo alilia mbele yangu ofisini, ndoa yake inavunjika. Nilimsikiliza macho yakiwa kwenye kompyuta, nina ripoti ya kumaliza, na ndani sikusikia chochote. Nilitaka anyamaze tu. Usiku nikajiogopa. Siku za mapumziko zinapita sijafungua mdomo kuongea na mtu. Je, moyo wangu umekufa? Na nifute namba ya yule rafiki?*

*Mwenye Moyo Mgumu*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mama. Najua neno hilo kwako limebeba uchungu, lakini sina jingine la kuanzia.

Moyo wako haujafa. Mtu ambaye moyo wake umekufa hakosi usingizi kwa sababu ameshindwa kumfariji mwenzake. Wewe umekosa, ukaamka ukaniandikia. Lakini kuna kitu kimekupata, na sitaki kukuambia kitapita chenyewe.

Tuanze na siku ile ya ofisini. Mwaka 1973, wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilofanya kule Princeton, Marekani, na wanafunzi waliokuwa wakisomea uchungaji. Kila mmoja alitumwa kwenda jengo la jirani kutoa hotuba fupi, na baadhi yao walipangiwa kuzungumzia mfano wa Msamaria mwema, yule msafiri wa kwenye Biblia aliyesimama kumsaidia majeruhi njiani. Njiani aliwekwa mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kugugumia. Walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu. Watu wa aina moja, wito mmoja, na wengine wana Msamaria kichwani wakati wanampita mgonjwa. Kilichowatenganisha kilikuwa haraka.

Wewe ulikuwa na ripoti. Kabla ya ripoti ulikuwa na miezi minane ya kuamka usiku, kupima dawa, kugeuza mgonjwa, kisha ukazika, kisha ukarudi kazini. Ulipewa machozi ya mtu mwingine wakati yako mwenyewe hujayamaliza. Sisemi ulifanya vizuri. Nasema kwamba kutomsikia mwenzako siku moja hakukufanyi kuwa mtu asiye na utu, na naomba ushike jambo hilo vizuri, kwa sababu nalirudia sasa hivi upande wa pili.

Katikati ya barua yako kuna mstari umeupita haraka. Mwenzako alifiwa na kaka yake, hukwenda, "ila wakati ule nilikuwa namuuguza mama". Nimeusoma mara nyingi. Ni sababu ya kweli kabisa, na mimi naikubali. Lakini tazama ulivyoandika: wewe ulipokosa msiba, ulinipa sababu. Rafiki yako alipokosa msiba, ulinipa tabia yake. Kwako kulikuwa na mgonjwa ndani. Kwake hakuna kitu, ni mtu mbaya tu.

Hili si lako peke yako. Lee Ross, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, alilipa jina mwaka 1977, akaliita kosa la msingi: tukiona alichofanya mwenzetu, tunakibandika kwenye tabia yake, na hali iliyomzunguka hatuipi uzito. Ya kwetu tunaijua kwa sababu tunalala nayo. Yule mwenzako wa kazini naye yawezekana alikaa siku kadhaa akijiuliza wewe ni mtu wa namna gani. Na bado, alipovunjika, alikuja kulia mbele yako. Kati ya watu wote wa ofisi ile alikuchagua wewe ambaye hukwenda kwao. Mimi hapo nilisimama nikaweka barua mezani.

Sasa huu upweke. Unasema umeanza kuwaona watu walivyo. Mwanangu, sidhani. Mwanasaikolojia John Cacioppo wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyefariki mwaka 2018, aliuchunguza upweke kwa miaka mingi. Aliufananisha na njaa na kiu: ni mwili unakuambia kuna kitu unakikosa na unakihitaji ili uishi. Lakini alionyesha na ubaya wake. Njaa inakusukuma kwenye chakula, ila upweke ukikaa sana unakufanya uwaogope haohao unaowahitaji. Akili inakesha, inachungulia nyuso za watu ikitafuta dalili ya kukataliwa. Anayechelewa kujibu amekudharau. Anayekusifu anajipendekeza. Anayeomba msaada anakutumia. Unajitenga kwa sababu watu ni wabaya, na kadiri unavyojitenga ndivyo wanavyozidi kuwa wabaya machoni pako, maana hakuna anayekaa na wewe muda wa kutosha kukuonyesha vingine. Hukumu zako zote ulizoniandikia umezitoa ukiwa peke yako chumbani. Hakuna hata mmoja aliyepewa nafasi ya kujitetea.

Na usione aibu kwa neno upweke. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anaishi na hali hiyo.

Wengi watakushauri ujifanye wewe ndiye yeye, ufikirie angekuwa na sababu gani. Mimi sikushauri hivyo. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi tumelizoea neno hilo kiasi kwamba hatulitii: tunakaa mbali na kitanda cha mtu, tunakisia kunguni wake, kisha tunaamini tumewahesabu. Watafiti Tal Eyal, Mary Steffel na Nicholas Epley walilipima jambo hili katika majaribio 25, wakayachapisha mwaka 2018. Watu waliojitahidi kuvaa nafasi ya mwenzao hawakupata kumwelewa kwa usahihi zaidi. Waliofanikiwa kumjua ni waliozungumza naye, wakamuuliza.

Nami nimeyapitia. Nilipofiwa na mume wangu, mwanamke niliyekaa naye dawati moja kazini kwa miaka mingi hakuonekana. Nilimpangia sababu zote, mbaya na nzuri. Siku za hasira nilisema ana roho mbaya, siku za upole nilisema labda alikuwa anaumwa. Miezi saba ilipita. Siku moja tukakutana kwenye ngazi, mimi napanda yeye anashuka, na kabla sijajizuia nikamuuliza: "Kwa nini hukuja?" Hakujibu. Alifungua mkoba, akatoa bahasha yenye jina langu, pembe zimekunjika na mgongo umechakaa kwa kusuguana na funguo. Ilikuwa barua ya pole. Aliiandika wiki ileile, akaibeba kila siku kuja kazini, na kila siku akarudi nayo. "Sikujua nitakutazamaje usoni," aliniambia. "Na kila siku iliyopita ilizidi kuwa ngumu."

Sikufurahi. Nakuambia ukweli, jibu lile liliniudhi. Nilitegemea aseme alikuwa amelazwa, au amesafiri, kitu cha maana. Kumbe aliogopa tu. Lakini woga ule sikuwahi kuukisia hata siku moja katika miezi saba, na mimi ni mtu ninayejidai kuwajua watu. Hatukurudi kuwa kama zamani. Tulirudi kusalimiana, baadaye kukaa pamoja wakati wa mapumziko, na barua ile ninayo.

Sijui rafiki yako alikuwa na nini, wala wewe hujui. Huenda hana sababu yoyote ya kukuridhisha. Huenda ataona simu yako na hatapokea. Methali uliyonitajia ni ya kweli, nami nimeishi nayo, lakini inamsifu aliyekuja. Haikukupa hati ya kumzika asiyekuja. Kwa hiyo namba usiifute. Mwandikie maneno machache, bila mashtaka ndani yake. Ningekuwa wewe ningeandika hivi: "Nilikuhitaji mama alipofariki, na kutokuja kwako kuliniuma sana. Nimekaa nalo mwaka mzima. Nataka kukusikia, ilikuwaje?" Halafu subiri. Akijibu, msome mpaka mwisho kabla ya kupanga jibu lako. Ukiona baada ya kumsikia kwamba urafiki umekwisha, utakuwa umekwisha kwa jambo ulilolijua. Kusamehe si lazima kumrudishe mahali pake pa zamani.

Wala usianze na yeye. Jeraha hilo ni bichi mno kujifunzia. Anza na watu wasio na deni kwako: mlinzi wa getini unayempita kila asubuhi, jirani unayekutana naye ngazini, anayefanya usafi ofisini. Msalimie kwa jina, uliza swali moja ambalo jibu lake hulijui, simama ulisikie. Mambo haya yanaonekana madogo, na ndiyo uliyoyaacha kwanza ulipojifungia. Huruma haikukutoka siku ya msiba, mwanangu. Imekutoka taratibu, siku moja moja ambazo hukufungua mdomo, na itarudi kwa mwendo huohuo.

Ukiona usingizi hauji kabisa, chakula hakipiti, au unapata mawazo kwamba ingekuwa heri usiwepo, usiningoje mimi. Nenda kwa daktari au mshauri nasaha wiki hiihii, na umwambie yote uliyoniambia.

Amebaki mwenzako wa kazini, na huyu usimcheleweshe. Jumatatu fika mapema kabla ofisi haijajaa. Usiwashe kompyuta. Vuta kiti ukae upande wake wa meza, umwambie: "Siku ile ulikuwa unalia nami nilikuwa naandika. Na kaka yako alipofariki sikuja. Nisamehe. Naomba uniambie, unaendeleaje?" Akisema hataki kuongea, mwambie sawa, na ukae naye hivyohivyo kidogo.

Kisha niandikie unieleze alikujibu nini.

Shangazi yako