Flashi Moja na Ukuta Mmoja Vinakutosha

Juzi usiku kijana mmoja anayeanza kupiga picha za sherehe aliniandikia. "Kaka, nimenunua flashi tatu, stendi, miavuli miwili na triga ya kuziwasha kwa mbali, lakini picha zangu bado zinatoka kama za kitambulisho. Nakosea wapi?" Akaambatanisha picha nne. Nilipofungua ya kwanza moyo ulinilipuka, maana picha ile naijua. Niliwahi kuipiga mwenyewe miaka saba iliyopita.

Ilikuwa harusi ya kwanza niliyolipwa. Flashi nilikuwa nimeinunua wiki hiyohiyo. Nikaichomeka juu ya kamera, kichwa chake kikawatazama watu usoni kama taa ya gari, na sikukigeuza mpaka sherehe ikaisha. Niliweka ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, kwenye 100 kwa sababu niliambiwa ISO ndogo ndiyo inayotoa picha safi; shata, yaani muda ambao kamera inaacha mwanga uingie, 1/200 ya sekunde; tundu la lenzi f/8 (namba ikikua, tundu linapungua). Ukumbi ule ulipambwa ukapambika. Taa ndogondogo za rangi ya dhahabu zilining'inia kutoka darini mpaka juu ya kila meza, na familia ilikuwa imehangaika nazo tangu asubuhi. Katika picha zangu haionekani hata moja. Nyuma ya maharusi kuna giza, utadhani walifunga ndoa shimoni. Paji la uso la bibi harusi linameremeta jasho. Walipokaa karibu na ukuta, kichwa cha bwana harusi kilijichora pembeni yake kwa kivuli cheusi kikali, kana kwamba kuna mtu mwingine amesimama nyuma yake.

Siku chache baadaye dada wa bibi harusi alinipigia simu. Hakufoka. Alisema tu, "Picha za wageni za simu zimezishinda zako." Nilimwomba radhi, nikakata simu, nikakaa. Maneno yale bado yananichoma, na yananichoma zaidi kwa sababu alisema kweli.

Kwa wiki tatu baada ya hapo nilimkalisha mdogo wangu kwenye kiti kila jioni. Sitawachosha na habari za jioni hizo zote. Jioni iliyobadili kazi yangu ni ile niliyogeuza kichwa cha flashi kikatazama ukuta mweupe wa kushoto, badala ya kumtazama yeye. Nikabonyeza. Nilipoangalia kioo cha kamera niliona shavu limepata umbo, kivuli cha pua kimelainika, na machoni kumeingia nukta ya mwanga. Flashi ilikuwa ileile, na mtu na chumba vilevile. Ukuta ulikuwa umegeuka chanzo cha mwanga kipana kama dirisha, na mwanga ukitoka mahali papana, kivuli chake huwa laini. Nilimpigia kelele mdogo wangu asiinuke.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule kijana, na kwa wewe unayesoma ukiwa na ndoto hiyohiyo, ni hili: geuza kichwa cha flashi. Kabla ya mwavuli, kabla ya flashi ya pili, geuza kichwa. Ukiingia chumbani tafuta ukuta au dari nyeupe iliyo karibu. Mimi napenda ukuta kuliko dari, kwa sababu mwanga unaoshuka moja kwa moja kutoka juu huacha mashimo meusi machoni. Ukuta ukiwa wa kijani, uhame, maana mwanga hubeba rangi ya ukuta na kuipaka kwenye ngozi. Nimewahi kupeleka familia nzima nyumbani na nyuso za wagonjwa.

Kugeuza kuna gharama yake. Mwanga unasafiri mbali zaidi na ukuta unautawanya, kwa hiyo unaweza kupoteza stopu mbili au zaidi (kila stopu ni nusu ya mwanga uliokuwepo). Hapo ndipo wengi wanakata tamaa na kurudisha kichwa mbele. Usirudishe, pandisha ISO. Kutoka ISO 400 kwenda 1600 kunaifanya flashi ifike umbali mara mbili, na betri hazichemki. Kamera za siku hizi zinaibeba 1600 bila shida. Chembechembe kidogo kwenye picha hakuna mteja aliyewahi kunilalamikia, lakini giza nililalamikiwa.

Na lile giza la ukumbi nililielewa baadaye sana. Flashi huwaka na kuzimika kwa muda mfupi mno, hata sehemu moja ya elfu ya sekunde au chini ya hapo, kwa hiyo kasi ya shata haiugusi mwanga wake. Inachogusa ni taa za ukumbini. Tundu la lenzi na ISO vinagusa vyote viwili. Ningeshusha shata kutoka 1/200 hadi 1/60, nikafungua lenzi hadi f/4 na kupandisha ISO hadi 1600, zile taa za dhahabu zingeonekana zote. Ni kuzungusha vidude vitatu, na sikujua. Wala usikimbilie kupandisha shata kupita kiasi: kamera nyingi zina kikomo cha 1/200 au 1/250 kwa flashi ya kawaida, na ukikivuka utaona mstari mweusi umekata picha.

Kivuli cha ukutani? Msogeze mtu hatua mbili mbele, kiache ukuta.

Flashi ya kwenye stendi ina siku yake, siku watu wametulia na unao muda. Hapo weka nguvu ya flashi kwa mkono, anza na 1/8 ya nguvu yote, tazama picha, panda au shuka. Mwavuli uweke pembeni, juu kidogo ya macho, na uwe karibu. Umbali ndio unaowashinda wengi: ukihamisha flashi kutoka mita 1 hadi mita 2, mwanga unaomfikia mtu haubaki nusu, unabaki robo. Lakini kwenye sherehe inayokimbia, watu wanasogea na kurudi, mimi natumia TTL, yaani kamera ijipimie yenyewe nguvu ya flashi, mimi nibaki na kazi ya kutazama nyuso. Wanaokuambia mpiga picha wa kweli hatumii TTL hawajakimbizana na bibi harusi anayeingia ukumbini.

Wadogo zangu, acheni kununua vifaa kabla hamjakijua kimoja. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nilinunua. Baada ya harusi ile nilikopa nikaongeza flashi mbili nikidhani upungufu uko kwenye begi. Zilikaa kabatini mwaka mzima. Mwezi uliopita nilipiga sherehe ya watu wengi kwa flashi moja na betri za akiba mfukoni, na mama mwenye shughuli aliponiona tena alinishika mkono, hakuuachia, akinionyesha kwenye simu yake picha moja ya mama yake mzazi akicheka chini ya taa.

Kijana wangu, zile mbili zirudishe kwenye boksi. Kesho jioni mkalishe mtu kwenye kiti, mita moja kutoka ukuta mweupe, ISO 800, f/4, 1/60. Piga picha tatu: kichwa kikitazama mbele, kikitazama dari, kikitazama ukuta. Nitumie zote, hata zilizoharibika.