Maswali ya Wasomaji: Kula kwenye Pabu ya Kijijini Uingereza

Swali: Tulikaa mezani nusu saa kwenye pabu moja ya kijijini na hakuna mhudumu aliyetusogelea. Ni dharau, au ndivyo wanavyofanya?

Jibu: Ndivyo wanavyofanya. Kwenye pabu ya jadi oda inaanzia kaunta, na mkikaa tu mezani mhudumu anadhani mnapiga soga. Tafuteni meza isiyo na kikadi cha kuonyesha imeshawekwa, angalieni namba yake, kisha mmoja wenu aende kaunta na oda ya wote. Ataje namba ya meza kwanza, vyakula baadaye, alipe, arudi na vinywaji mkononi. Chakula ndicho kitakachowafuata. Akiulizwa kama afunguliwe hesabu, maana yake kadi yake itasajiliwa na mtalipa mwishoni.

Kaunta haina mstari, lakini foleni ipo: imo kichwani mwa mhudumu. Simama, mtazame, subiri. Kupunga noti au kualisha vidole ndiyo njia ya uhakika ya kuhudumiwa wa mwisho. Na akikugeukia wewe wakati kuna aliyekutangulia, mwonyeshe huyo mwenzako. Wenyeji wanaona, na hawasahau.

Pabu nyingine zina ukumbi wa chakula wenye wahudumu. Hapo mlangoni kutakuwa na kibao cha kukuomba usubiri kupelekwa mezani.

Swali: Tip je?

Jibu: Kwenye kaunta si desturi. Ukiridhika na huduma, mwambie mhudumu ajiwekee na yeye kinywaji. Ataongeza bei yake kwenye bili yako. Ukihudumiwa mezani, asilimia 10 inatosha, ila soma bili kwanza: huenda ada ya huduma imeshajumlishwa.

Swali: Tunataka chakula cha mchana cha Jumapili. Twende saa ngapi, na tuagize nini?

Jibu: Wekeni nafasi mapema, tena ya saa sita au saa saba mchana. Nyama huokwa asubuhi kwa kiasi maalumu; ikiisha imeisha, na anayefika saa tisa hupata mabaki ya chaguo. Siku za kawaida majiko mengi hufungwa yapata saa nane mchana na kufunguliwa tena saa kumi na mbili jioni, hata kama baa yenyewe iko wazi. Wageni wengi hulala njaa kwa kutolijua hilo.

Chakula hicho huitwa rosti, lakini msitarajie rosti ya mchuzi mzito. Hii ni nyama nzima iliyookwa ikakatwa vipande, pamoja na viazi vya kuoka, karoti, kabichi na mchuzi mwepesi wa kahawia. Kila nyama ina sosi yake: ng'ombe huja na sosi ya mzizi mkali unaopanda puani, kondoo na sosi ya mnanaa, nguruwe na sosi ya tufaha. Ng'ombe huachwa na wekundu katikati; asiyeupenda aombe kipande cha mwisho wa pande la nyama, ndicho kilichoiva zaidi.

Kipimo cha jiko ni pudini ya Yorkshire. Si tamu licha ya jina: ni rojo la unga, mayai na maziwa linalomiminwa kwenye mafuta yaliyokwisha kupata moto mkali. Inatakiwa ije imevimba, kingo zikivunjika, katikati pakiwa na shimo la kushika mchuzi. Ikija imelala, mafuta hayakuwa na moto wa kutosha, au oveni ilifunguliwa kabla haijakauka. Ikiwa ngumu kama soli, ilipikwa mapema ikawekwa kwenye joto.

Swali: Bia ya pampu ya mkono ililetwa vuguvugu, gesi hamna. Niirudishe?

Jibu: Kwa sababu hiyo, hapana. Bia hii hukaa ghala la chini kwenye nyuzi 11 hadi 13, hamira ikiwa hai ndani ya pipa, na huvutwa kwa mkono badala ya kusukumwa na gesi.

Kasoro ya kweli ni ladha ya siki. Kila painti (mililita 568) ikivutwa, hewa huingia pipani kushika nafasi yake, na baada ya siku tatu hivi bia huanza kuharibika. Pipa dogo la kawaida hubeba painti 72, kwa hiyo angalia pampu, kisha angalia wateja. Pabu tulivu yenye pampu sita inatia shaka. Yenye mbili tu huenda ndiyo yenye bia safi. Omba kuonja kabla ya kununua, hilo ni la kawaida. Na ukirudisha, rudisha baada ya funda moja, siyo glasi ikiwa nusu.

Swali: Situmii nguruwe wala pombe. Nitakula nini?

Jibu: Usitegemee kitabu cha mzio. Sheria inawataka waeleze vitu 14 vinavyoleta mzio, kama maziwa, karanga na haradali, lakini nguruwe na pombe havimo katika hivyo 14. Uliza jikoni kabla ya kulipa.

Mitego ni hii: pai ya nyama iliyopikwa kwa bia, rojo la unga la kuvika samaki lililochanganywa na bia, mchuzi wenye mvinyo, viazi vilivyookwa kwa mafuta ya nguruwe, na yai la Kiskoti, ambalo huvikwa nyama ya soseji ya nguruwe. Salama zaidi ni kiazi cha kuoka na jibini, au sahani ya mkate, jibini na achari, ukisema wazi usiwekewe hemu (nyama ya nguruwe).

Swali: Watoto wanaruhusiwa?

Jibu: Mara nyingi ndiyo, wakiwa na mtu mzima, ingawa pabu nyingine huwaondoa jioni. Mwenye miaka 16 au 17 anaweza kunywa bia, mvinyo au saida (pombe ya tufaha) akila mezani na mtu mzima, na mtu mzima huyo ndiye anunue. Pabu ina haki ya kukataa. Unayeonekana chini ya miaka 25, beba pasipoti.