Umepewa Kidato cha Tano? Kaa Hapa Tuongee

Mwalimu mmoja wa Mpwapwa kaniandikia: "Shikamoo madam. Nimezoea Form One na Form Two, sasa mkuu ananipa fasihi ya Kiingereza Kidato cha Tano. Nikatae?"

Marahaba mdogo wangu. Usikatae.

Mimi nilianzia huko huko chini, hapa hapa Dodoma. Mtoto kasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anafika sekondari anakuta masomo karibu yote Kiingereza. Unamfundisha "was" na "were" mpaka sauti inakauka. Kazi hiyo ni ngumu, na wanaopokea watoto waliokwisha chujwa hawaijui. Nilipopangiwa Kidato cha Tano cha HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, mwenzangu mmoja alisema ofisini, watu wakinywa chai: "Huyu wa Form One atawaweza wapi HKL?" Wakacheka. Sijasahau, na kusamehe bado najaribu. Matokeo ya Kidato cha Sita yalipobandikwa aliyasoma kimya, akaenda kipindini.

Turudi kwako. Soma vitabu mwenyewe, jalada hadi jalada, kabla hujagusa pamfleti, vile vijitabu vya uchambuzi wa tayari. Wanafunzi pamfleti wanazo, na wamezikariri. Lakini mtihani unawataka wachukue tamthiliya mbili watetee hoja moja kwa ushahidi wa ndani ya vitabu. Orodha ya dhamira haitetei kitu.

Chukua An Enemy of the People, tamthiliya ya Ibsen wa Norway, ya mwaka 1882. Daktari Stockmann anagundua kwamba maji ya mabafu ya tiba yanayouletea mji wageni na fedha yamechafuliwa na taka za viwanda vya ngozi. Kaka yake, ambaye ndiye meya, anataka anyamaze. Dodoma habari ya maji haina haja ya utangulizi. Wanafunzi wa bweni wanajua maana ya kuamka alfajiri na ndoo. Nilitegemea wote wawe upande wa daktari. Binti mmoja wa Chamwino, mkimya siku zote, akasimama: "Madam, mimi meya namwelewa. Matengenezo ni miaka miwili, mabafu yamefungwa. Watu watakula nini? Halafu daktari naye anapenda sifa." Darasa likalipuka.

Kidato cha Kwanza ningempa jibu. Pale nilimwambia: onyesha ukurasa. Akaonyesha. Wenzake wakaanza kufunua kurasa wamjibu, kengele ikalia na hakuna aliyetoka.

Ushauri wangu ndio huo: soma, waache wabishane, wadai ukurasa. Kisha soma tena. Walimu wenzangu, acheni kuwajazia ubao notisi vijana wa Tano! Kijana kavuka mtihani wa Kidato cha Nne, anakaribia kupiga kura, wewe unamsomea imla? Unaogopa atauliza nini? Akikuuliza usichokijua mwambie mtakitafuta wote, kesho uje nacho. Heshima yako itabaki pale pale, na wanaokucheka ofisini waache wamalize chai yao.

Wewe wa Mpwapwa, anza na tamthiliya, ni fupi na zinaigizika darasani. Nakala zikiwa chache, wasome kwa sauti kwa zamu, kila mtu na mhusika wake. Riwaya ya Ayi Kwei Armah wa Ghana, The Beautyful Ones Are Not Yet Born ya 1968, iache mpaka wakuzoee. Sentensi zake ndefu zilinitoa jasho hata mimi. Na mwambie mkuu akupunguzie vipindi vya Kidato cha Kwanza, maana insha za Tano hazisahihishwi kwa vema na kosa.