Maswali ya wasomaji: Manjano, ubongo na doa la kanzu

Assalaam aleikum. Bimkubwa wetu ana miaka 71 na ameanza kusahau: mchuzi anautia chumvi mara mbili, swali moja analirudia mchana kutwa. Tumeambiwa manjano yanazilinda seli za ubongo zisivimbe, basi kila asubuhi tunamkorogea kijiko cha chai katika glasi ya maji moto. Anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa ajili ya moyo. Tuongeze viwe viwili? Msomaji, Wete

Wa aleikum salaam. Msiongeze. Tena kliniki inayompa wafarini iambiwe habari ya hicho kijiko, impime INR, yaani kipimo cha damu inavyochelewa kuganda: manjano mengi yanaweza kuizidisha nguvu dawa hiyo, mtu akatoka damu fizini au akapata alama za damu bila kujigonga.

Mliyoambiwa yana asili yake. Ubongo una seli za ulinzi ziitwazo maikroglia. Zikichokozwa kwa muda mrefu humwaga kemikali za kupigana, na kemikali hizo huwaunguza majirani, yaani seli za neva. Katika sahani za maabara, kurkumini, ambayo ndiyo rangi ya manjano, huituliza NF-kB, protini inayowasha jeni za uvimbe. Lakini sahani ya maabara haina utumbo wala ini.

Tazameni chini ya glasi yake: yale matope ya rangi ya chungwa yaliyoganda ndiyo dawa mliyotaka anywe. Kurkumini haiyeyuki katika maji, huyeyuka katika mafuta. Hata ikimezwa, kidogo sana hupenya utumbo, na ini huibadilisha upesi. India, mwaka 1998, watu walipewa gramu 2 za kurkumini tupu na damuni haikuonekana ila chembe. Ilipoongezwa miligramu 20 za piperini ya pilipili manga, iliyoingia ilizidi mara 20. Sasa pigeni hesabu: unga wa manjano una kurkumini kiasi cha asilimia 3, kwa hiyo kijiko cha gramu 3 kina miligramu 90 hivi. Kufikia gramu 2 kunataka vijiko zaidi ya 20.

Kwa watu wenyewe, matokeo ni mchanganyiko. Utafiti wa Marekani wa 2018 ulifuata watu 40 wasio na ugonjwa wa kupoteza akili kwa miezi 18. Kurkumini iliyotengenezwa mahsusi ipenye, miligramu 90 mara mbili kwa siku, iliwasaidia kumbukumbu. Waliokwisha kupata Alzheimer, ambao ni mmoja wa magonjwa hayo ya kupoteza akili, katika utafiti wa wiki 24 wa 2012, hawakufaidika.

Basi manjano yabaki chunguni: nusu kijiko kikaangwe katika mafuta na kitunguu, pilipili manga kidogo, ndipo tui liingie. Vidonge vya kurkumini na piperini asipewe. Piperini hupandisha damuni dawa nyingine pia, kama ya kifafa, na wapo walioharibika ini kwa vidonge hivyo. Macho ya njano na mkojo wa rangi ya chai ndizo dalili. Mwenye vijiwe vya nyongo naye ajiepushe, kwani kurkumini huibana nyongo.

Na huko kusahau kupimwe: tezi ya shingo, sukari, presha, vitamini B12. Kama anatumia metformini, dawa ya kisukari, kipimo cha B12 kitangulie.

Mchuzi ulidondokea kanzu, nikapaka sabuni, doa likawa jekundu. Manjano yangu yametiwa rangi? Msomaji, Kizimbani

La. Kurkumini yenyewe hugeuka nyekundu ikikutana na sabuni au magadi. Kamulia ndimu, njano itarudi. Fua, kisha anika juani ikiwa mbichi, jua hulifuta doa. Ndiyo sababu manjano huhifadhiwa katika kopo lisilopenya mwanga.

Ila jaribio hilo la sabuni halikuonyeshi madini ya risasi, yaliyo sumu, ambayo wauzaji wa baadhi ya nchi wameyachanganya ili unga ung'ae. Nunua manjano mazima makavu, uyatwange mwenyewe.